UJI WA MTOTO UWE MZITO, USIWE MTAMU
Somo kwa wazazi wa Free Area, mjini Nakuru, na kwa wazazi wote wa Bonde la Ufa

Somo letu la leo ni juu ya chakula cha mtoto tangu atimizapo miezi 6 hata afikapo miaka 2. Muda huu ni mfupi, lakini ndio muda ambao watoto wengi hudumaa. Na mtoto akisha kudumaa katika umri huo, ni vigumu sana kumrudishia kimo na nguvu alizozikosa. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kenya nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 26 walikuwa wafupi kuliko ilivyowapasa kwa umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 18. Hesabu imepungua, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini watoto 18 si wachache, wala si wa nchi kavu peke yake.

Nchi ya Nakuru si nchi ya njaa. Viazi na kabichi hutoka Molo, mahindi na maharagwe hutoka Bahati na Subukia, maziwa hutoka Njoro, na omena wa Ziwa Viktoria huletwa kwa gari na kuuzwa kwa kopo. Mtu akaaye Free Area, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, huviona vyakula hivyo vyote vikipita mbele ya mlango wake. Basi, mtoto awezaje kudumaa katikati ya vyakula vingi namna hii? Sababu ni nyingi, na maradhi ni mojawapo. Lakini iko sababu moja iliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba: mtoto hupewa uji mwepesi, nao hutiwa sukari nyingi ili aunywe upesi. Mama huona kikombe kimekwisha, moyo wake ukatulia. Kumbe mtoto ameshiba maji na sukari.

WAKATI WA KUANZA

Mtoto apewe maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji, bila chai, hata atimize miezi 6. Hapa ndipo penye ubishi katika nyumba nyingi. Mara nyingi husikika maneno kama haya:

"Mwanangu, mtoto huyu analia njaa. Mpe uji kidogo."

"Mama, muuguzi wa kliniki ametuambia tungoje atimize miezi 6."

"Mbona ninyi nyote nimewalisha uji mkiwa na miezi 3, na mmekua?"

Nyanya huyu asidharauliwe, kwa maana asemayo yana asili yake. Zamani hata waganga wa hospitali walishauri mtoto aanze chakula kati ya miezi 4 na miezi 6. Baada ya kuchunguza habari za watoto wa nchi nyingi, Shirika la Afya Duniani lilibadili shauri hilo mwaka 2001, likasema maziwa ya mama peke yake yatosha kwa miezi 6 kamili. Tena tukumbuke jambo moja: wale waliolishwa mapema wakakua ndio tunaowaona leo. Wale waliokufa kwa kuhara hawapo kutoa ushahidi.

Kwa watu wa Nakuru iko sababu nyingine ya kungoja. Maji ya visima virefu vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi, nayo ndiyo yafanyayo meno ya watu wengi wa kwetu kuwa na rangi ya kahawia. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anywa maji hayo. Kwa hiyo mama anyonyeshaye bila kumpa mtoto maji humkinga na kuhara, tena humkinga na floridi kwa nusu mwaka mzima.

Mama aendaye kazini aweza kukamua maziwa yake katika kikombe safi chenye kifuniko. Mahali pasipo na joto kali maziwa hayo hukaa muda wa saa 4 bila kuharibika, na mlezi aweza kumnywesha mtoto kwa kikombe. Chupa ya kunyonyea si lazima. Ni chombo kigumu kuoshwa, na uchafu hujificha ndani yake. Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye hunyonyesha, maadamu anatumia dawa zake kila siku na kufuata mashauri ya kliniki.

Mtoto akisha timiza miezi 6, asicheleweshwe tena. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo mwilini yamekaribia kwisha, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana madini hayo kidogo. Mtoto akikosa chuma, damu yake hupungua, huchoka upesi, na hata akili yake huchelewa. Kwa hiyo chakula chaanza wakati huu, lakini kunyonya kusikome. Mtoto aendelee kunyonya hata miaka 2 au zaidi.

TUMBO DOGO

Sasa tufike kwenye kiini cha somo letu. Tumbo la mtoto mwenye miezi 8 laweza kuchukua chakula kama kikombe kimoja cha chai tu, yaani mililita 250 hivi. Likisha jaa, limejaa. Haliulizi kama limejazwa maji au chakula.

Wataalamu hupima nguvu ya chakula kwa kalori. Mtoto wa miezi 6 hata 8 anyonyaye vizuri huhitaji kalori 200 hivi kwa siku kutoka katika chakula, mbali na zile za maziwa ya mama. Tupige hesabu. Ukikoroga kijiko kikubwa kimoja cha unga katika kikombe cha maji, uji huo una kalori kama 35 tu. Kikombe hicho hicho kikijazwa maziwa ya mama kingekuwa na kalori zaidi ya 150. Maana yake ni kwamba uji mwepesi ni dhaifu kuliko maziwa yale yale ambayo tulitaka kuyaongezea nguvu! Mtoto anyweshwaye uji mwepesi na kuacha ziwa amenyang'anywa chakula bora, akapewa kilicho duni.

Lakini kikombe hicho kikipikwa kwa vijiko vikubwa 3 au 4 vya unga, na nusu ya maji ikawa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na mwishowe kikatiwa kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, nguvu yake hukaribia au hupita kalori 200. Tumbo ni lile lile, kikombe ni kile kile; lakini mtoto wa pili atakua, na wa kwanza atadumaa.

Kipimo cha kujua uzito wa uji ni rahisi. Chota uji kwa kijiko, kisha uinamishe kijiko. Uji ukimwagika kama maji, haufai. Ukikaa kijikoni, au ukianguka kwa polepole sana, huo ndio uji wa mtoto. Uji unyweka kwa chupa umekwisha kuwa mwepesi mno.

Wako watoto wasioweza kumeza uji mzito sana mwanzoni. Dawa yake si maji, bali ni kimea. Loweka wimbi usiku mmoja, uutandaze na kuufunika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 hata uchipue, uuanike juani hata ukauke, ondoa vichipukizi, kisha uusage. Kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulio vuguvugu huulegeza bila kuongeza maji. Baadaye uchemshwe tena kabla ya kulishwa. Nchini Tanzania wataalamu wa lishe walihimiza njia hii katika miaka ya 1980. Uji wa kuchachusha, ambao Wakikuyu na Wakalenjin waujua tangu zamani, nao ni mwema. Kwa maana kuchacha hulifanya tumbo lipate chuma cha wimbi kwa urahisi zaidi.

KASORO YA SUKARI

Wengi hudhani sukari humtia mtoto nguvu. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4, nacho hutoa kalori 16; lakini hakina kitu kingine. Hakina chuma, hakina kitu cha kujenga misuli, hakina vitamini. Ni mgeni aingiaye nyumbani mikono mitupu, akakalia kiti cha mwenye zawadi.

Tupige hesabu tena. Mama atia vijiko 2 vya sukari katika kikombe cha uji, na kumpa mtoto uji huo mara 3 kwa siku. Hivyo ni vijiko 6, yaani kalori 96. Tulisema mtoto huyu ahitaji kalori 200 kutoka katika chakula. Basi karibu nusu ya nafasi ya yai, maharagwe, omena na mboga imejazwa na sukari tupu.

Kasoro ya pili ni meno. Meno ya kwanza huanza kutoka katika umri wa miezi 6 hivi, yaani wakati ule ule wa kuanza uji. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hulitoboa jino. Mtoto alalaye na chupa ya uji mtamu au chai ya sukari kinywani huogesha meno yake katika asidi usiku kucha.

Kasoro ya tatu ni mazoea. Ulimi wa mtoto hujifunza kama akili yake ijifunzavyo. Azoeapo sukari, atatema mboga na maharagwe, na mama atasema, "Mtoto wangu hapendi chakula." Si kwamba hapendi, amefundishwa kingine. Mtoto ambaye hakupewa sukari hauoni uji usio na sukari kuwa mbaya, kwa sababu hajui mwingine.

Ndiyo sababu mashauri ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yasema kwamba watoto wa miezi 6 hata 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi, wala vinywaji vilivyotiwa sukari. Shauri hili lahusu soda, maji ya matunda ya paketi yenye sukari, glukosi ya kopo, na biskuti zilizochovywa katika chai. Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari kama vijiko vidogo 8. Na fedha yake yaweza kununua mayai mawili. Chai, hata ya maziwa, haimfai mtoto mdogo, kwa kuwa majani yake huzuia chuma kisiingie mwilini. Asali nayo isipewe mtoto asiyetimiza mwaka 1, maana yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kimdhurucho mtoto mchanga kwa sumu ya kulegeza mwili.

Wazazi wanunuao chakula cha watoto cha kopo wasome karatasi iliyobandikwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na lile la IBFAN, lilitangaza kwamba vyakula vya watoto vya jina la Cerelac vilivyouzwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia vilikuwa vimetiwa sukari, hali vile vya kampuni hiyo hiyo vilivyouzwa Uswisi kwa watoto wa umri huo havikutiwa. Ukiona neno la Kiingereza "sugar" katika orodha ya vitu vilivyotiwa, jua kwamba umelipia sukari.

Utamu wenyewe hatukuukataza. Ndizi mbivu iliyopondwa, papai, embe, malenge na viazi vitamu vina utamu wa kumtosha mtoto, navyo huja na vitamini zake.

UNGA WA MCHANGANYIKO

Katika vinu vingi vya kusaga unga mjini Nakuru utaona akina mama wakichanganya mahindi, wimbi, mtama, mchele, soya, njugu na omena, vyote vikasagwa pamoja kwa ajili ya mtoto. Nia yao ni njema, bali njia si njema. Kwanza, vitu hivyo havilingani katika kuiva: unga wa wimbi waweza kuwa tayari, na soya bado. Pili, njugu na omena zikisagwa huharibika upesi, na unga wote huharibika pamoja nazo. Tatu, mtoto akitokwa na vipele au akihara, mama hatajua ni kitu gani kilichomdhuru.

Tena ukungu uotao katika mahindi na njugu zisizokauka hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika Kenya, wengi wao katika nchi ya Ukambani, nao 125 wakafa. Nafaka ya mtoto iwe kavu, safi, isiyo na ukungu, nayo isagwe kidogo kidogo.

Njia bora ni hii. Saga nafaka moja, au mbili ukipenda. Vitu vingine utie wakati wa kupika: leo yai, kesho njugu zilizokaangwa na kusagwa laini, siku ya tatu omena waliosagwa wenyewe. Chakula kigeni kitolewe kimoja kimoja, na kutazamwa siku chache kabla ya kuanza kingine.

CHAKULA CHA SAHANI

Uji peke yake hautoshi. Viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe na terere au mchicha ni chakula chema sana. Ukiongeza kipande kidogo cha ini, au nyama iliyosagwa, umempa mtoto chuma chema kuliko vyote. Tunda dogo baada ya chakula husaidia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini. Chumvi na sukari visitiwe.

Kiasi chake ni hiki. Mtoto wa miezi 6 aanze kwa vijiko vikubwa 2 au 3, kisha aongezwe polepole hata nusu ya kikombe, mara 2 au 3 kwa siku. Tangu miezi 9 apewe nusu ya kikombe au zaidi, mara 3 au 4. Tangu mwaka 1 apewe robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima, mara 3 au 4, na kati ya milo apewe kipande cha ndizi, parachichi au kiazi. Kwanza chakula kipondwe. Kufikia miezi 8 aweza kushika vipande laini kwa mkono wake. Akifika mwaka 1 aweza kula pamoja na wenzake wa nyumbani. Njugu nzima asipewe, maana zaweza kumkaba.

Mtoto awe na bakuli lake mwenyewe, ili mama ajue ameshiba kiasi gani. Asilazimishwe kwa kubanwa pua. Akae na mtu mwenye subira, azungumze naye. Mikono ioshwe kwa sabuni. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupashwa moto hata kichemke. Uji uliotiwa katika chupa ya chai asubuhi ukanyweka hata jioni umekwisha kuwa makao ya vijidudu.

Maji ya kupikia yachemshwe. Lakini ifahamike kwamba kuchemsha huua vijidudu tu, hakuondoi floridi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana floridi ya kudhuru. Kadhalika viko vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imepata kuvitengeneza kwa ajili ya shida hii.

KAZI YA BABA NA YA WAGENI

Akina baba wasidhani somo hili ni la jikoni tu. Mkono ushikao fedha ndio uchaguao kati ya pakiti ya biskuti na trei ya mayai. Nao wageni wajao kumwona mtoto wana desturi njema ya kutokuja mikono mitupu. Lakini badala ya kilo 2 za sukari, walete mayai, maharagwe au maziwa.

Mtoto apelekwe kliniki kila mwezi apimwe, hata kama haugui, na kijitabu cha mama na mtoto kichukuliwe. Tangu miezi 6 hupewa matone ya vitamini A bila malipo, kila baada ya miezi 6. Mstari wa uzito ukilala badala ya kupanda, au miguu ikivimba, msingoje. Mwoneni muuguzi siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini uji mwepesi ni dhaifu kuliko maziwa ya mama?
2. Mtoto wenu hupewa vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Vihesabuni, pamoja na vya chai na biskuti.
3. Ni vyakula gani vitatu vyenye chuma vinavyopatikana karibu na nyumba yenu?
4. Mkiinamisha kijiko cha uji wa leo, je, utakaa au utamwagika?

Mwenye kulijibu swali la nne kwa kijiko chenyewe, wala si kwa maneno, ndiye aliyelielewa somo hili.